Shemeji Lyyti na Birika la Kahawa

Lyyti, mdogo wake marehemu mke wangu, amezaliwa na kuzeekea ufukweni hapa kwetu Ufini, na hajui kuogelea. Miaka arobaini alikausha samaki kwa moshi. Samaki hawakumtisha. Maji hakutaka yamfike hata kifundo cha mguu. Kanisa letu liko kisiwani, naye huingojea barafu ya baharini. Ikishakuwa nene anavuka kwa miguu, anaigonga kwa fimbo kama anayebisha hodi. Majira ya joto haendi. Husema Mungu anajua anapokaa.

Helvi, mke wangu, tulimzika huko mwezi wa Machi. Jeneza tulilivuta juu ya barafu. Baada ya siku chache barafu ikaoza, haibebi mtu wala haipitishi mashua. Wiki sita nikauangalia mnara wa kanisa kwa mbali.

Maji yalipofunguka niliikwangua mashua, nikaipaka lami ya msonobari. Mbao zilikuwa zimekauka, mwanga unapita katikati. Dawa ni kuizamisha ufukweni wiki nzima, mbao zinywe, zivimbe, zibanane. Lakini siku ya kuzaliwa ya Helvi ilikuwa siku hiyohiyo. Nikaishua majini hivyohivyo.

Lyyti akaja na maua ya buluu ya msituni, nimpelekee dada yake. Akauliza nani atakumba maji, kuyatoa mashuani, nikiwa kwenye makasia. Zamani alikumba Helvi. Nikapachika makasia. Lyyti akaondoka, akarudi na birika lake kubwa la kahawa, lile la harusini.

"Sogea, shemeji. Ukisema natetemeka, nakupiga nalo."

"Hutetemeki wewe. Ni mashua."

Hatukufika mbali, kila ubao ukaanza kukojoa. Lyyti anakumba kwa birika, nusu baharini, nusu usoni kwangu. Maji yakazidi. Akasema nitazame pembeni, anavua soksi azibe ufa.

"Mpiga makasia anatazama nyuma," nikamwambia, "na nyuma umekaa wewe."

"Basi tazama, mzee mchafu. Mguu wenyewe una miaka sabini na minne."

Akaanza kucheka. Nami nikacheka, kasia likanitoka, tukazunguka kama bata mlevi. Tangu Machi sikuwa nimecheka. Mbavu ziliuma.

Tulifika tumelowa hadi kiunoni. Kaburini Lyyti alitia maua ndani ya birika, akalisimamisha vizuri.

"Dada," akasema, "huyu mumeo kanivusha kwa chekecheo."

Nikakaa pale mpaka suruali ikaanza kunikaukia mwilini.

Tuliporudi gatini mashua ilikuwa imezama, kingo tu zinaonekana. Lyyti akaiangalia.

"Wiki nzima, si ndiyo?"

"Wiki nzima."

"Basi iache inywe."

Mtunza kanisa akaturudisha kwa boti lake. Lyyti hakungoja kushikwa mkono. Alikwenda kukaa mbele kabisa, mguu mmoja peku, na Jumapili ya pili akaja kuniuliza kama mbao zimeshavimba.