Wifi na Sakafu Kavu

Wifi yangu anasoma sakafu. Usicheke! Mimi nakaa mapokezi nasoma majina ya wateja kwenye daftari, yeye anaingia na ndoo yake, anatupa jicho chini mara moja, anakwambia nani kaingia na viatu, nani kamwaga chai akajifanya hajui. Na hakosei. Nimeshabishana naye mara nyingi, na kila mara nimeumbuka.

Ni mke wa kaka yangu mkubwa, kwa hiyo ana haki ya kunitania na mimi nina haki ya kumtania, na haki hiyo hatuilazi hata siku moja. Alipiga deki wodi ya watoto miaka kumi na minne, mpaka magoti yakazikataa ngazi za hospitali, ndipo nikamtafutia kazi hapa kwetu, kwenye jumba la yoga. Hapa hakuna ngazi. Ni chumba kimoja kikubwa, ukuta mmoja kioo kitupu, sakafu ya mbao inayong'aa ambayo Wifi anaipenda kuliko anavyompenda kaka yangu. Kulala kwenye mkeka wa mazoezi, ng'o! "Nimejikunja chini ya vitanda vya watu miaka kumi na minne," husema, "leo nijikunje kwa hiari yangu?"

Mwalimu ndiye mwenye jumba. Ana moyo mzuri, ila wazo likimwingia halitoki, na mwaka huu liliingia wazo la yoga na watoto wa mbwa. Watu wanyooshe miguu, vijibwa wapite katikati, kila mtu aende nyumbani anacheka. Akapatikana bwana mmoja mfugaji, mwenye gari dogo na tundu la waya nyuma. Jina lake hatukulishika, tukamwita Mwenye Mbwa.

Jumamosi ya kwanza yalikuwa madarasa manne, watoto wa mbwa sita walewale tangu asubuhi. Lo, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma! Mdogo kuliko wote, mweupe mwenye sikio moja jeusi, tulimwita Bwana Mdogo kwa jinsi alivyotembea kana kwamba jumba ni la baba yake. Na mikojo sasa! Wifi alikimbia na tambara huku na huku. "Hawa ni watoto au mabomba?" alilalamika, lakini meno yote nje.

Bahati mbaya mteja mmoja mikojo ilimpata kwenye nywele, nywele alizosukwa jana yake. Alikuja mapokezi amefura. Na mimi, kwa kiherehere changu, hata Mwalimu sikumwambia. Nilimfuata Mwenye Mbwa kwenye gari lake. "Kaka, fanya ufanyavyo, Jumamosi ijayo sitaki kuona hata tone."

"Usijali, dada," akasema.

Nikarudi ndani najiona meneja.

Jumamosi ya pili ikaja. Darasa la kwanza, sakafu kavu. La pili, kavu. Mwalimu alikuwa anaelea kwa furaha. Nikamwambia Wifi, "Leo unakula mshahara wa bure, mwenzangu." Hakucheka. Alisimama mlangoni na tambara mkononi, amekunja uso.

"Wodini," akasema, "daktari akiingia asubuhi swali lake la kwanza ni hili: huyu amekojoa? Mtoto akikaa siku nzima hajakojoa, wifi, usimsifu kwa adabu. Huyo ni mgonjwa."

"Hawa ni mbwa. Wamefundishwa."

"Kwa siku saba?"

Nikarudi kwenye daftari langu. Katikati ya darasa la tatu akanishika mkono akanivuta mpaka kwenye mlango wa kioo. Ndani joto, watu ishirini wanachuruzika jasho, madirisha yamefungwa ili vijibwa wasitoroke. "Tazama ndimi zao," akaninong'oneza.

Nikatazama. Kijibwa mmoja alikuwa analamba shingo ya mama mmoja bila kupumua, mama anapiga kelele, "Jamani, ananibusu!" Mwingine kampata kijana kwapani, watu hoi kwa kicheko. Wa tatu alikuwa analamba chupa ya maji kwa nje, pale panapotoka matone ya ubaridi, analamba, anazunguka, analamba tena. Na Bwana Mdogo kalala juu ya tumbo la dada mmoja, simu tano zinampiga picha. "Ona alivyotulia!"

"Mabusu gani hayo?" Wifi akasema. "Wana kiu."

Hapo hapo nikamwambia nilichomwambia Mwenye Mbwa, neno kwa neno. Wifi aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. "Wewe tutagombana baadaye," akasema.

"Subiri basi darasa liishe, nitamweleza Mwalimu taratibu. Tutamwaga unga familia nzima!"

"Limebaki muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Yule wa tumboni hana dakika arobaini."

Akaenda jikoni, akasuuza beseni, akafungulia bomba. Mimi nyuma yake nasali, namshika gauni, namwachia. Kisha mwanamke huyu, ambaye aliwahi kumrudisha mlangoni mkaguzi wa serikali kwa sababu ya viatu, aliusukuma mlango kwa nyonga akaingia na viatu vyake miguuni, akapita katikati ya mikeka, akaliweka beseni sakafuni.

Watoto watano wa mbwa waliruka kwa pamoja! Waliacha shingo, waliacha makwapa, walikanyaga watu usoni. Mmoja alitumbukia mzimamzima akaendelea kunywa akiwa humo humo. Chumba kizima kikasikia sauti ya ndimi zile, na kicheko kikakatika. Yule mama wa mabusu alijishika shingo.

"Yaondoe maji hayo!" Mwenye Mbwa alikuja mbio kutoka pembeni. "Watakojoa!"

"Wakojoe!" Wifi akafoka. "Kudeki ni kazi yangu, wewe inakuuma nini?"

"Mliniambia wenyewe! Hata tone! Yule pale ndiye aliyesema!" Kidole chake kilinielekea mimi, na watu ishirini wakageuka.

Jamani, aibu ina joto. "Ni kweli," nikasema. "Nilisema mimi."

Wifi hakuwa na habari na sisi. Alikuwa amepiga magoti, yale magoti mabovu, mbele ya Bwana Mdogo, ambaye beseni hakuliona wala hakulisikia. Akambana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama vilevile, kama ya mtoto aliyekaukiwa maji mwilini. "Gari!" akasema. "Nani ana gari?"

Mwalimu alikimbia peku. Mimi nikaruka nyuma, Wifi mbele na kijibwa mapajani, anachovya kidole kwenye kikombe na kumpaka fizi, anachovya, anampaka, na katikati ya hayo anamfokea Mwalimu, "Kata kushoto! Kushoto, mama, si huko!" Sijawahi kuona mwajiri anafokewa vile na kutii vile. Daktari wa wanyama alimtundikia maji mguuni, akasikiliza moyo muda mrefu mpaka wangu ukataka kusimama. Kisha akainua kichwa. "Mmewahi," akasema. Mwalimu alikaa chini sakafuni na suruali yake ya mazoezi akalia, mimi nikalia, Wifi peke yake ndiye aliyeuliza atakuwa anakunywa mara ngapi kwa siku.

Mwenye Mbwa aliwaacha vijibwa palepale, hakukanyaga tena kwetu. Wale watano daktari aliwatafutia watu, wawili walichukuliwa na wateja wetu. Bwana Mdogo yuko kwa Wifi, na kaka yangu analalamika kuwa amenyang'anywa kiti. Mimi na Wifi tuligombana, kama nilivyoahidiwa, nikaomba radhi, yakaisha.

Wateja walisumbua miezi miwili, wanataka vijibwa. Mwalimu akasema, muulizeni Wifi. Wifi akakubali darasa moja tu, madirisha wazi, maji pembeni, kikapu cha kulalia, na mbwa watatu wanaokuja na wenyewe. Watu walijaa mpaka mlangoni! Vijibwa walicheza dakika kumi za moto, wakanywa, wakakojoa, wakaingia kikapuni wote watatu wakalala fofofo. Watu ishirini na tano wakamgeukia Wifi.

Mteja mmoja akanyoosha mkono kikapuni. "Nimwamshe kidogo tu? Nimekuja kwa ajili yake."

"Yeye hakuja kwa ajili yako," Wifi akasema. "Haya, nyoosheni miguu."

Wakanyoosha.