Nilivyokagua chini ya boti ya abiria Mtwara nikatoka bila kaptula

Wakuu, nianze na aibu yenyewe mcheke mapema: nimewahi kuchomoka baharini uchi, mchana, mbele ya abiria, mama yangu mzazi akiwemo.

Nasimulia kama yalivyokuwa, sijipunguzii.

Ni Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Shule iliniacha darasa la sita (yenyewe inadai nimeiacha mimi, tusibishane). Nikawa baharia wa boti ya mbao ya kupeleka watu Msimbati.

Siku hiyo mama alikuwa anakwenda kwenye jando la mjukuu wake. Yuko ufukweni na kuku wake, anangoja kupanda.

Akaja mkaguzi wa serikali. Akasema, "Juu nimeona, rangi nzuri. Chini nani ameona?"

Nahodha wetu akajibu, "Chini kuna maji, bwana mkubwa."

Mkaguzi akasema boti ya abiria haiondoki mpaka chini kukaguliwe. Ama ipandishwe kavu, ama mtu azame.

Kupandisha kavu mpaka bamvua, maji yapwe sana. Nahodha akanitazama mimi.

Kazi ni hivi: mimi chini nagonga mbao kwa nyundo, rafiki yangu Issa yuko tumboni mwa boti anasikiliza. Mbao nzima inalia kavu, iliyoliwa na wadudu inalia nzito.

Mwenzenu nilifurahi. Boti naijua juu yote, chini sijawahi kukuona. Kumbe kumejaa chaza na majani, kama ndevu za babu.

Nagonga, natoka kuvuta pumzi, narudi.

Karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, nikagonga. Mbao ikajibu. Ko, ko, ko. Kama mtu kanigonga kwenye paji la uso.

Sikuuliza jina. Kaptula ikanasa kwenye chaza, nikamwachia.

Nikachomoka nikipiga yowe kwamba chini kuna mtu anagonga. Abiria wakatawanyika. Mama hakukimbia, alinirushia kanga. "Jifunge. Walioona wameshaona."

Nahodha akasema, "Mwoga tu huyu. Pandeni twende." Mama akaanza kuokota kuku wake.

Issa akachungulia kutoka ndani. "Jamani, ni mimi niligonga."

Mkaguzi hakucheka. "Hapo tu?"

"Kila alipogonga yeye."

Akanigeukia. "Kwingine ulisikia?"

"Kwa mbali, bwana. Nilidhani moyo wangu."

Akasema hakuna anayepanda.

Mama akaenda kwa lori, akinung'unika njia nzima.

Bamvua ilipofika tukailaza boti mchangani. Pale pale nilipokimbia, mkaguzi akasukuma bisibisi. Ikazama mpaka mpini. Mbao imebaki ganda tu, ndiyo maana hapo mgongo wa Issa ulinifikia mzima, na mama angekaa juu yake.

Tangu hapo sipandi boti bila kuuliza chini nani ameona. Mlioko bandarini siku hizi, hebu tuambieni, mnazama bado au kuna mashine? Nataka kweli kujua.

Issa nilimuuliza baadaye: umeambiwa usikilize, kugonga uligongea nini?

Akaniambia, "We mtu umebisha hodi, mimi nikae kimya? Kwetu Nanyamba hatujalelewa hivyo. Nimekukaribisha, umekimbia mwenyewe."