Karatasi ya Ishirini na Sita

Belo la viatu vya mtumba likikatwa mikanda hutoa harufu tatu: mpira, dawa ya mende, na miguu ya watu nisiowajua. Mwaka jana, pale sokoni Karatu, ilitoka ya nne. Ndani ya buti moja la kushoto kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kimesokomezwa ili buti lisibonyee. Nilipokichomoa kikanipumulia usoni: karatasi kuukuu, ukungu, na kwa mbali sabuni ya hotelini. Mteja akaniuliza bei ya raba, nikamfokea. Waulizeni wanaonijua: mimi huwa simfokei mtu aliyeshika pochi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kingine, lakini harufu ilikuwa ya vitabu vya dada Paskalina.

Nilipokuwa darasa la tano, dada alikuwa akitandika vitanda kwenye loji moja ya watalii huko juu, ukingoni mwa kreta ya wanyama. Mgeni mmoja aliondoka akaacha vitabu vitatu vya mfululizo mmoja, na meneja akamwambia dada avichukue. Dada aliishia darasa la saba. Alivisoma na kamusi ya kuazima, siku zake za mapumziko, kidole kimoja kwenye kitabu na kingine kwenye kamusi. Kisha, tukipukuchua mahindi, alitusimulia. Kulikuwa na mfalme aliyenunua vivuli vya watu, na ndege wa shaba aliyejua majina ya waliokwisha kusahaulika, na binti aliyeshushwa kisimani kwenda kukirudisha kivuli cha mama yake. Mama yetu alikuwa akiacha mikono yake ndani ya debe, akisikiliza. Mimi nilikuwa na swali moja tu: yule mfalme alinunua kivuli kwa shilingi ngapi? Dada alisema haijaandikwa. Nikaona mwandishi hajui kazi yake.

Cha kwanza na cha pili alivimaliza, akamwazimisha mwenzake wa kazini, ambaye alihama navyo. Cha tatu alikuwa amefika katikati, binti bado yumo kisimani, alipopangiwa zamu ya mwezi mzima bila kushuka nyumbani. Alikiacha juu ya kabati, unyoya wa kuku ukiwa alama yake.

Kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili. Yaani karatasi mia moja hamsini na sita.

Nilichukua wembe. Nilikikata vipande sita, karatasi ishirini na sita kila kimoja, nikavishona kwa uzi wa gunia kama nilivyomwona mama akifunga gunia la maharage. Shuleni nikavikodisha: kipande kimoja, siku mbili, andazi moja. Watoto ambao hawakuwa na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni walipanga foleni, maana nilikuwa nimewaambia humo ndani mna joka. Joka lenyewe sijui kama lilikuwamo. Jalada, lenye picha na jina la kitabu, nilimpa binti wa mwalimu afunikie daftari lake la Hisabati, kwa maandazi matatu. Ndiyo maana mpaka leo sijui kinaitwaje.

Dada aliporudi alitazama juu ya kabati kabla hata hajavua viatu.

"Boay, kitabu changu kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kipo kwa watu."

Aliinua mkono, na nilistahili. Lakini mama akasema kutoka jikoni, "Mwache mtoto, Paskalina. Makaratasi tu hayo."

Hasira yangu mpaka leo imekaa kwenye neno lile, *tu*. Dada alishusha mkono. Kamusi ya watu aliirudisha wiki ileile, na sikumwona tena na kitabu. Wenzake walioendelea na Kiingereza walihamia mapokezi, wakavaa sare zenye vifungo vinavyong'aa. Yeye alitandika vitanda mpaka kiuno kikakataa, akaenda Rhotia kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Na kila Krismasi, akinipakulia nyama, huniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Hivi yule binti alitoka kisimani?" Miaka yote nilicheka. Mwaka jana, baada ya lile buti, sikucheka.

Nikaanza kukitafuta. Muuza vitabu mmoja wa Arusha akaniuliza kwenye simu kitabu kinahusu nini. Nikamjibu kina kurasa mia tatu na kumi na mbili. "Nimekuuliza kinahusu nini, mzee." Madereva wa watalii nikawaomba wawaulize wageni wao, mgeni mmoja akajibu kwamba vitabu vya wafalme na visima ni vingi mno, je, mwandishi ni nani? Ningemjua mwandishi, ningehangaika na mgeni? Kijana mmoja kwenye kundi letu la simu akaandika, "Mjomba, hiyo uliota." Nikajitoa kwenye kundi. Nikaomba nirudishwe ili nimjibu, nikamjibu, nikajitoa tena.

Ndipo mteja kutoka Arash, upande wa Loliondo, akijaribu viatu, akamsifia mwalimu wa watoto wake, Lemayani. Lemayani ninayemjua alikaa Karatu kwa mjomba wake aliyekuwa mlinzi. Tulisoma dawati moja. Kisha akarudi kwao na kipande changu cha sita, cha mwisho kabisa; vile vitano vingine viliishia mikononi mwa watoto. Nimemwita mwizi maisha yangu yote.

Nikapanda gari la Loliondo na jozi nne za viatu.

"Karibu, tajiri wa makaratasi," alinipokea, na chai ya maziwa juu. Akafungua sanduku la bati, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha shuka jekundu. Uzi wangu wa gunia ulikuwa bado umeshika. Kingo zilikuwa zimelainika kama sikio la ndama.

"Jozi mbili," nikasema.

"Hakiuzwi."

"Tatu. Moja ya ngozi."

"Boay, hiki ndicho kilichonifundisha Kiingereza. Nimekisoma machungani mpaka ng'ombe wamekijua. Rudisha viatu vyako kwenye mfuko."

Sijazoea kukataliwa na mtu aliyevaa kandambili. Kwa hasira nikafanya ninachokiweza: nikahesabu. Karatasi ishirini na tano. Nikahesabu tena. Ishirini na tano.

"Umepoteza moja," nikamwambia. "Mwizi, halafu mzembe."

Tabasamu likamfutika usoni. "Ya mwisho uliichomoa mwenyewe. Ulisema mwisho wa hadithi unakodishwa peke yake, maandazi mawili. Mimi mjomba alikuwa ananipa andazi moja. Nimeungoja mwisho huo tangu utoto, wewe unaniletea viatu?"

Nikakumbuka. Niliikunja mara nne nikaitia mfukoni mwa kaptura, nikisubiri wa kufika bei. Hakufika mtu wiki nzima. Jumamosi mama akafua. Ilitoka madonge meupe, nikawatupia kuku.

Tulipanda kilimani penye mtandao, tukampigia dada. Lemayani alimsomea kila sentensi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. "Rudia hapo, mwalimu," dada alisema, tena na tena. "Ya katikati nitajijazia mwenyewe." Binti alipanda, jiwe kwa jiwe, kivuli cha mama yake kikiwa begani kama kanga iliyolowa, mpaka vidole vikashika ukingo wa kisima. Juu, mfalme alikuwa akimngoja. Akainama.

"Endelea."

"Imeishia hapo, dada. Karatasi iliyobaki alikuwa nayo mdogo wako."

Nikaichukua simu. Nikamweleza: mfuko, kaptura, sabuni.

"Ulikaa nayo muda gani?"

"Wiki."

"Basi niambie wewe, Boay. Alitoka?"

Miaka yote nimemkasirikia mama kwa neno moja, kumbe yeye alilisema tu. Aliyeliamini ni mimi. Robo saa na ile kamusi, na leo ningekuwa na jibu. Karatasi ile ilikuwa na mistari thelathini na mmoja mbele, na kumi na minne nyuma. Niliihesabu mara mbili. Sikuisoma.