Meza Iliyonyooshwa

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi, sikupewa fimbo. Banda la pool lilikuwa Kisarawe mjini, jirani na duka la soda na maandazi. Meneja aliniambia kitambaa cha meza kinapigwa brashi kuelekea upande mmoja tu, kama mtu anayelaza manyoya ya paka. "Ukikisugua huku na huku mpira utakwenda kama mlevi," alisema, "na mimi humu sitaki walevi." Nilipiga brashi wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Sikuona ubaya. Wala sijui kama ninafaa kuandika haya, maana niliishia darasa la saba, na wapo waliocheza pool vizuri kuliko mimi. Lakini hao hawaandiki, na vijana wa sasa wanadhani kazi hii imeanza na wao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tajiri mwenye banda aliweka mchezaji wake, akaitwa mwenyeji wa meza, akalipwa posho. Desturi ni kwamba mshindi hubaki mezani. Anayetaka kumtoa huweka sarafu yake ukingoni na kusubiri zamu. Watu hawaweki sarafu ili wacheze na mtu dhaifu, na hawaweki kama hawana tumaini kabisa. Kwa hiyo mwenyeji alitakiwa ashinde, lakini ashinde kwa adabu. Meneja alikuwa na msemo wake: "Mpige mtu, lakini kesho arudi." Kamari Tajiri aliikataza, na katika hilo alikuwa na msimamo.

Meza yetu ilikuwa na mteremko kidogo kuelekea shimo la kati, upande wa mlango. Saruji ya sakafu ilikuwa nyembamba, ikazama upande ule. Mpira ukienda polepole ulikuwa unapinda mwishoni. Kila mtu Kisarawe alijua meza ile inavuta. Mimi nilijua inavuta kiasi gani. Nililenga pembeni ya shimo, mteremko ukamalizia. Watu wakasema nina mkono wa ajabu, nami nikawaamini. Sikuwahi kukaa nikatenganisha mkono na mteremko.

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa mihogo na mikorosho, nje kidogo ya mji. Hakuwa mtu mbaya, hilo nilitangulize. Aliponioza Mwanahawa nilikuwa nauza nazi sokoni, kazi aliyoielewa. Tangu nishike fimbo akawa anamuuliza binti yake, "Mumeo bado anagonga vile vigololi?"

"Baba, ile ni kazi. Watu wanatoka Maili Moja, Kibaha, kumfuata."

"Wanatoka Kibaha kote huko? Kwani kwao hawana mashamba?"

Basi timu ya Maili Moja ilipoalikwa kucheza na sisi, Mwanahawa alimshikilia baba yake siku kadhaa mpaka akakubali kuja. Mimi sikutaka kingine. Nilitaka mzee aone mara moja tu kwamba binti yake hakuolewa na mtu mvivu.

Siku ya mechi nilifika mchana nikamkuta Meneja amesimama mezani, anatabasamu. Miguu miwili ya meza ilikuwa imeinuliwa kwa vipande vya mninga. Juu ya kitambaa palikuwa na pima maji ya fundi ujenzi, kiputo kimetulia katikati.

"Nimekuondolea aibu," aliniambia. "Nimesikia mkweo anakuja. Wageni nao wasije wakasema Kisarawe tunachezea mlimani."

Nilimshukuru. Ningesema nini? Meza iliyonyooka ndiyo meza halali, na yeye aliifanya kazi ile kwa kunipenda.

Mzee alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Akapewa kiti cha plastiki kilichotandikwa kitenge, na Mwanahawa akasimama nyuma yake. Mpinzani wangu alikuwa Kapteni wa Maili Moja, mtu mnene, mpole. Kabla ya kugusa fimbo alimwendea mzee. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kumtoa mkwe wangu?"

"Nitajaribu, baba. Wanasema hatoki."

Nilipata nafasi ya kwanza kwenye shimo la kati, mpira ambao ningeupiga nimefumba macho. Nililenga pembeni kama nilivyozoea. Mpira ukaenda pale pale nilipoutuma, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Nikalenga tena, nikakosa tena. Nikajaribu kulenga shimo lenyewe, mkono ukakataa. Ulikuwa umeshakariri njia nyingine. Muuza maandazi akasema kwa sauti, "Mwenyeji, leo shimo umelihamishia kwa jirani?" Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Niwe mkweli kwa Kapteni. Katikati ya mchezo alisimama mwenyewe akasema, "Shati langu limegusa mpira. Cheza wewe." Hakuna aliyeona. Alinipa zamu ambayo ni yangu kwa sheria, nami sikuitumia vizuri. Akamaliza mipira yake, akauzamisha mweusi wa mwisho taratibu, akanipa mkono.

Mzee aliinuka, akanishika bega. "Mwanangu, hata shamba lina mwaka wake mbaya." Akaenda zake.

Jioni Mwanahawa alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Kwa nini hukumwambia baba kwamba meza walikuwa wameinyoosha?"

"Nimwambie nini? Kwamba nashinda ikiwa imepinda?"

Aliendelea kuchambua.

Tajiri hakunifukuza. Ila meza ilibaki imenyooka, na watu niliokuwa nikiwashinda walianza kunitoa, na Meneja polepole akaacha kuniita mwenyeji. Kapteni ndiye aliyenichukua kwenye timu yake Maili Moja. Kule nilijifunza upya, mtu mzima, kupiga mpira moja kwa moja. Siku moja aliniambia, "Shabani, mkono unao. Ulikuwa umeuazimisha kwa sakafu." Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nilishinda, nikashindwa, nikashinda tena. Tulikwenda mpaka Kwala kucheza na madereva wa malori wanaosubiri mizigo, na wale wana mkono mzito lakini macho makali. Kila tulipokuwa na mechi ya karibu nilimtumia mzee salamu aje. Kila mara alijibu kwa heshima kwamba mihogo haijapaliliwa.

Alipougua alilazwa hospitali ya Tumbi, karibu na kazini kwangu. Mchana niliacha meza nikampelekea uji. Kitanda cha pili alilala mwalimu mstaafu, mtu wa maongezi.

"Mzee, huyu ni mwanao?"

"Mkwe wangu."

"Mkwe gani huyu wa kumlisha mtu uji! Anafanya kazi gani?"

Mzee alinitazama. Kijiko nilikuwa nacho mkononi. "Mkulima," alisema. "Mkulima mzuri sana."

Nikaona ananisitiri, kama mtu anavyomvutia shuka aliyelala wazi. Mwalimu akaniuliza mvua za kwetu zikoje. Nikamwambia zimechelewa, ila mihogo imeshika. Mzee akatikisa kichwa, ameridhika, akafungua mdomo nimpe uji. Hakutoka hospitali.

Macho yangu yalipoanza kuona mipira miwili penye mmoja, nilimrudishia Kapteni fimbo ya timu nikarudi Kisarawe. Wachezaji wa siku hizi wana mafunzo, wana viatu vyao na mikoba ya fimbo, na nafurahi kwa ajili yao. Wakija kunitembelea huniuliza, "Babu, eti ulikuwa mkali?" Nawaambia ile ilikuwa kazi yangu na niliifanya kila siku. Zaidi ya hapo sina shahidi wa kuwapa. Yule niliyetaka aione, aliiona siku moja tu.