Oili ya Gari la Mlimani

Juzi, kwenye gereji moja mjini Same, fundi alifungua kitabu cha gari langu akanionyesha ukurasa wa sevisi. Nilikuwa nautazama, lakini pua yangu ilishafika nyumbani, kijijini Mamba kule milimani, kwenye harufu ya tangawizi mbichi na oili ya moto.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, mama alikuwa amerudi kupeleka tangawizi Same kwa pikapu yake. Hata chai hakunywa. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari, na oili nyeusi ikaanza kutiririka kwenye karai. Mimi niliona damu.

Jirani yetu Mama Eliwaza alisimama uani akasema, "Gari lako halipoi, Mama Nakijwa? La shemeji yangu halifunguliwi mpaka kitabu kiseme."

Nikaanza kulia. Niliamini gari letu linakufa.

Mama alijibu kutoka kulekule chini, bila haraka. "Hicho kitabu kinawasemea watu wa tambarare. Mimi napanda na magunia, kwa hiyo kilomita zao nazigawa nusu." Kisha akaniita, akanipaka oili mpya kidoleni. "Nyamaza, mwanangu. Haliumwi. Namwaga mapema ili lisije likaumwa."

Sasa, pale gereji, chini ya ukurasa ule wa fundi palikuwa na maandishi madogo: kwa njia za milima, vumbi na mizigo mizito, sevisi ifanyike kwa nusu ya kilomita hizo.

Nilimpigia mama palepale, nikamsomea.

"Kumbe na wao walishapanda huku?"