Barua ya Kolombo Uliyonisomea, Hamisi

Ndugu zangu, tangu juzi naandika nafuta, naandika nafuta. Kichwa hakikubali kwamba Hamisi, Baba Asha wa Mnyambe, amezikwa.

Mimi nipo Salala, Omani, nimekaa kwenye kivuli cha kontena, wenzangu wanakula. Nina dakika za mapumziko tu, kwa hiyo nitasema kama ilivyo.

Wengi mnamjua kwa duka lake la vipuri vya baiskeli. Mimi namjua kwa bahari. Miaka ile ya soko huria, wanunuzi walipojaa kila kijiji kuchukua korosho ghafi, tulikuwa vibarua wa kupakia magunia bandarini Mtwara. Meli ikapungukiwa watu wawili. Nahodha akatunyooshea kidole. Tukapanda na kandambili.

Yeye Mmakonde, mimi Mmakua wa Lukuledi. Watani. Siku ya kwanza nikamwambia, "Wewe wa Newala kusiko na maji, uliyezoea kuogea kikombe, leo Mungu kakufungulia bomba." Akaonja maji ya bahari, akatema. "Haya nayo hayanyweki. Mbona kama nipo nyumbani tu!"

Tuticorin, India, siku ya off, tulilifuata lori la magunia yetu mpaka kiwandani. Kina mama wamekaa chini wanabangua, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, kama vya mama zetu. Hamisi akawapa shikamoo mmoja mmoja. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha kigongo chake.

Singapore, winchi nyingi kuliko watu. "Aisee, bandari gani hii hata tusi husikii?"

Wengine wote melini walikuwa Wafilipino na Wahindi. Kiswahili kilikuwa chetu wawili. Nikimtania kwamba nitashuka bandari ijayo, alikuwa anakasirika kweli. "Ukiniacha humu nitaongea na nani, na winchi?"

Kolombo. Wakala wa meli akaleta barua yangu, ina muhuri wa posta ya Masasi. Mimi shule niliacha darasa la tatu, mwandiko wa mkono ulikuwa unanishinda. Hamisi alimaliza la saba, ndiye alikuwa msomaji wangu.

Tukakaa juu ya kamba za meli, gati zima linanuka majani ya chai. Akanisomea: dada anasalimu, mama mzima, mikorosho imepigwa dawa ya salfa, mwaka huu maua ni mengi.

Nikamwambia, "Rudia pale pa mama." Akarudia.

Chittagong, miezi minne baadaye, ikaja nyingine. Hiyo aliisoma yote. Mama walishamzika.

Hamisi alilia kuliko mimi. Akaninyoa kwa wembe wake mwenyewe pale sitahani, mvua inanyesha. Akamwomba bosun, msimamizi wetu wa sitaha, nipumzike, akafanya shift yake na yangu. Miaka yote hii nimewaambia watu: yule si mtani tena, yule ni ndugu wa tumbo moja.

Jumatatu binti yake akanipigia. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole, Asha."

"Baba, tuandikie kitu kizuri, wewe ndiye uliyezunguka naye. Nakutumia picha za makaratasi yake ya meli yakukumbushe. Na kuna barua humu ina jina lako, sijui ilifikaje kwenye sanduku."

Siku hizi nasoma. Polepole, lakini nasoma.

Ilikuwa ile ya Kolombo. Mwandiko wa dada. "Mama hali yake mbaya, anakutaja wewe tu. Kama kuna njia, njoo." Basi. Salfa haimo. Maua hayamo.

Jamani, pale Kolombo palikuwa na meli ya kwenda Mombasa keshokutwa yake. Nahodha hakuwa mtu mbaya, angeniruhusu. Ningemkuta mama yangu akiwa hai.

Hamisi, uliogopa kubaki peke yako. Hilo naliona, mimi mwenyewe nipo peke yangu huku mwaka wa kumi na moja. Lakini nilikuomba urudie pale pa mama, na ukarudia huku unaniangalia usoni!

Halafu nimekaa barazani kwako mara ngapi, unanimiminia chai, unanipa pole ya mama? Na kama ulishaamua kunificha, kwa nini hukuitupa majini? Ulikuwa unaitunza uje unipe? Lini?

Kwetu mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu msibani, akaiga mwendo wake, akamsema mbele ya watu, na hakuna wa kumkasirikia. Ningekuwepo Mnyambe ningevaa kofia yako nikasema haya haya. Nipo mbali, nimeyasemea hapa.

Asha mwanangu, uliomba kitu kizuri. Kizuri kipo: baba yako alikulea vyema, na alinichekesha kwenye bahari ambayo ilikuwa inaniua. Hivyo sivifuti. Lakini barua ile nitunzie, usiichome. Ni ya mwisho ambamo mama yangu alikuwa bado yu hai.

Hamisi, mtani wangu, lala. Lile neno "salama" nitakuongezea siku nitakayoweza. Leo sina.