Mirija Tisa Katika Stoo ya DC

Shida zangu zilianza mwaka wa 1953, nikiwa na miaka kumi. Baba na wenzake wanane walikuwa wamezunguka mtungi wa busaa upande wa Navakholo, kila mzee na mrija wake mrefu mdomoni. Askari wa chifu wakaja. Pombe haikuwa na kibali. Wakaumwaga mtungi, wakakusanya mirija iwe ushahidi, wakawapeleka wazee Kakamega kwa miguu. Baba alifia jela kwa kuhara, na huko huko akazikwa. Wengine walirudi wamekonda, na kufikia Uhuru hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai.

Kwetu mrija wa mzee hauazimwi. Unatengenezwa kwa mti wa kutambaa wa msituni, wenye tundu ndani, na ncha ya chini inafungwa kichujio cha nyuzi. Mzee akifa, mwanawe anautia kwenye mtungi siku ya kumaliza matanga, anavuta mara moja mbele ya watu. Hapo marehemu anahesabiwa ameondoka, na mwana anahesabiwa mtu mzima. Mimi mrija wa baba sikuwa nao. Baba mdogo, ambaye ndiye alishika shamba letu, aliniambia bila kuficha, "Siwezi kukugawia shamba la mtu ambaye bado yuko. Leta mrija." Sikumkasirikia. Angefanya tofauti ningemshangaa.

Shule niliacha darasa la pili. Lakini kufagia sikufundishwa na mtu, na kwa kufagia nikapata kazi katika ofisi ya DC, mwaka ule bendera ilipobadilishwa. Nilifagia vyumba vyote, na mwisho stoo ya nyuma. Humo kulikuwa na ngao, mikuki, ngoma zilizopasuka, mafaili ya kesi yaliyofungwa kwa kamba, na kitabu kikubwa cha ngozi kilichoandikwa kwa mikono ya watu wengi. Pembeni, juu ya misumari, mirija tisa. Kila mmoja ulikuwa na kibandiko cha namba. Jina hakuna.

Nilimwomba karani anisomee kitabu. Akapekua, akacheka.

"Imeandikwa mirija tisa, pombe haramu. Basi. Ulitaka waandike na majina ya mama zao?"

"La baba yangu."

"Baba yako ni namba, kijana. Chagua yoyote, moja mpaka tisa."

Wiki hiyo alikuja bwana mmoja wa makumbusho kutoka Nairobi, Mwafrika, kijana kama mimi, na tai shingoni. Angechukua vitu vyote vya stoo kwa lori siku ya Jumatatu. Nilimweleza habari yangu nikiwa nimesimama wima. Akasema pole, lakini hii sasa ni mali ya taifa.

"Baba yangu alipokuwa anakufa," nikamwambia, "taifa lilikuwa wapi?"

Akainama kwenye karatasi zake.

Nikaona dawa ni kuujua mrija wa baba kwanza, kisha nigombane na yule bwana. Baba alikuwa na jino bovu upande wa kulia, kwa hiyo alikuwa anauma mrija kwa kushoto. Alhamisi mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilijifungia stoo. Mle ndani ni giza. Ningeweza kuipeleka mirija dirishani niitazame. Sikufikiria hivyo. Nikautia mmoja mmoja mdomoni, nikipapasa kwa ulimi palipotafunwa. Wa kwanza ulikuwa na ladha ya vumbi. Wa nne ulikuwa na chumvi. Wa sita ulikuwa umetafunwa upande mmoja tu, wa kushoto, umelainika kama ngozi. Nikakaa nao chini kidogo. Kisha nikaendelea mpaka wa tisa, kwa sababu mimi kazi naimaliza.

Niliporudisha wa mwisho kwenye msumari, nikasikia mtu anavuta. Mnajua ile sauti mtungi ukikaribia kwisha, pombe na hewa vikipanda pamoja. Sauti ilitoka ukutani. Dirisha lilikuwa limefungwa, mvua ya mchana ilikuwa haijaanza, hata jani la mkaratusi nje halikutikisika. Ikavuta tena, na safari hii si mmoja. Wa sita peke yake ulikuwa kimya. Nilitoka bila ufagio.

Baba mdogo nilipomweleza, aliweka chini tonge la obusuma.

"Umetia mdomo kwenye yote?"

"Yote tisa."

"Wewe ni mjinga wa kuzaliwa au umejifunza huko kazini? Umewaita wazee tisa, na hakuna mtungi. Mtu akiitwa huwa anakujanga. Sasa wamekaa huko na kiu."

"Tufanye nini, baba?"

"Tutawapa. Kwani umewaitia maji?"

Jumamosi ofisi zilifungwa saa sita. Tulipakia debe la busaa kwenye baiskeli yake, tukalifunika kwa majani ya ndizi, tukaingia kwa ufunguo wangu wa kufagia. Baba mdogo akatia mirija yote kwenye debe, ncha za juu akaziegemeza kwenye masanduku ya mafaili, kama watu wamekaa. Akavua kofia.

"Wazee, mtoto alikosa. Hakufundishwa, kosa ni letu. Kunyweni, muende."

Tukarudi nyuma mpaka mlangoni. Nikanusa tumbaku ya kunusa, na sisi hatutumii. Ndipo bwana wa makumbusho akatokea na karatasi zake, amekuja kumalizia kuhesabu.

"Hii ni nini? Mnakunywa pombe ndani ya ofisi ya serikali?"

"Sisi tuko hapa mlangoni," baba mdogo akasema. "Nani anakunywa?"

Yule bwana alifungua mdomo ajibu. Mirija ikavuta. Pole pole, kama watu wasio na haraka. Sote watatu tuliona povu likishuka ndani ya debe, likiacha alama ya mviringo kwenye bati, kisha likashuka tena. Mimi sisemi ni mizimu. Nasema debe lilikuwa limejaa, na lilipofika nusu hakuna binadamu aliyekuwa ameligusa.

Bwana wa makumbusho alikuwa anatokwa jasho mpaka tai ikalowa.

"Wako ni upi?" akaniuliza, sauti chini.

"Wa sita."

"Utoe."

"Kitabu kinasema tisa."

Akakifungua kile kitabu juu ya goti, akakata kitu kwa kalamu, akaandika kingine. "Mimi nimehesabu nane. Toa wako upesi, halafu mwondoe huyu mzee na hili debe."

"Na hao wengine?" baba mdogo akauliza. "Utawapeleka Nairobi bila kuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Waambie wanakoenda."

Na yule kijana mwenye tai, mbele yetu, akaiambia mirija minane kwamba Jumatatu wangepanda lori, na safari ni ndefu. Hakucheka. Sisi pia hatukucheka.

Mwezi uliofuata tulimaliza matanga ya baba. Nilivuta mara moja mbele ya watu, wanawake wakapiga vigelegele, na wazee wakanisogezea kiti. Kesho yake baba mdogo alileta kamba, akanipimia ekari tatu kutoka mtoni mpaka barabarani. Nikaanza kulima na jembe la kuazima.

Leo nina ekari tisa na nusu, sita za miwa, zilizobaki za mahindi. Ng'ombe watano, wawili wanakamwa. Kinu cha kusaga kule Matete, kinazunguka. Ploti moja sokoni Navakholo, ina maduka mawili na mpangaji msumbufu. Nyumba ya matofali, vyumba sita, mabati hayavuji. Redio. Hati ya shamba, kwa jina langu. Baiskeli mbili, moja mbovu.